Maua ya Kumsubiri Ajwang

Naguru, Kampala
17 Februari 1974

Santina mjukuu wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi mzima, goti tu ndilo linalotabiri mvua, na juzi lilisema uongo. Baba yako mdogo Oloya yuko salama, bado anaendesha gari la polisi na bado haongei. Nilimwomba akuandikie barua hii, akasema kalamu yake haijui njia ya Nairobi. Basi anayeandika ni Kaltumi, mke wa Sajini, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ni Mnubi, Kiacholi hakijui, kwa hiyo utanisikia kwa Kiswahili cha kambini. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Anacheka. Andika kwamba unacheka, Kaltumi.

Kuku wanataga. Sukari hatujaiona tangu Krismasi. Tunatafuna muwa kwanza, kisha tunausindikiza na chai. Sabuni tunaisikia redioni.

Sasa neno lenyewe. Cleopas, gadi wa treni, yule mjomba wa Nashon wako, alipita hapa. Anasema mama yake Nashon, huyo Ajwang, atakuja na wazee wao baada ya Pasaka kuleta posa. Vizuri. Nashon nilimwona mara moja tu akala akamaliza, sina ugomvi naye. Lakini Cleopas akaongeza kwamba Ajwang amesikia sisi ni watu wa laini za polisi, tunalala na buti chini ya mto, na anataka ajionee. Ajionee! Buti za Oloya zinalala nje.

Ila ukuta wetu ni ukuta wa serikali kweli. Chini kijivu, juu kijani cha mgonjwa. Rangi ya kupaka haipo madukani, na kitambaa cha pazia ukikiona, ujue kuna mtu kavuliwa. Nikafikiria maua. Nilikata mekundu kando ya barabara, nikayaweka kwenye chupa. Yalisinzia kabla maharagwe hayajaiva.

Wewe unafanya kazi kwenye bustani inayouzia wenye pesa maua ya ndani ya nyumba. Nichagulie ua la kwenye kopo, lenye rangi ya kupiga kelele, na lisilo na haraka ya kufa, maana wageni wa siku hizi hawafiki siku waliyosema.

Na ulijue hili. Binti wa nyumba hii hatolewi kwa dirisha. Utatolewa kwa mlango, hapa hapa, ng'ombe wapokewe watu wakiona. Au hutolewi.

Ni mimi bibi yako, Joska. Alama hiyo ya wino ni kidole changu, si uchafu.


Nairobi
3 Machi 1974

Kwa Bibi yangu,

Nimepokea barua yako na kidole chako, nikavibusu vyote viwili. Mimi mzima, Nashon mzima, ameongezewa kazi pale ofisi ya reli na shati lake moja limechanika. Msalimie Baba Oloya hata kama hatajibu. Mama Kaltumi, asante kwa mwandiko wako mzuri.

Bibi, ua lako lipo. Linaitwa bromelia, na usicheke: ni ndugu wa nanasi. Majani yamekaa kwa mduara, katikati pana kikombe cha kunywea maji, na kutoka humo kinatoka kichwa cha rangi. Kile kichwa si ua hasa, ni majani yaliyojigeuza rangi. Maua yenyewe ni madogo na hupita upesi. Ndiyo maana rangi inakaa miezi. Hapa dukani watu wanayabana kwa vidole, wakidhani tunauza plastiki.

Chagua. Kuna lenye kichwa kama nyota nyekundu, majani laini ya kijani yanayong'aa, halina miiba. Kuna lenye kichwa bapa kama upanga, nyekundu na njano. Na kuna lenye majani ya rangi ya fedha kama yaliyonyunyiziwa unga, kichwa waridi, na ukingoni lina miiba midogo. Hilo la fedha ndilo gumu kuliko yote. Mimi ningechukua hilo.

Bibi, kuna jambo jingine. Mama Ajwang anauliza nani atapokea ng'ombe. Baba hatujamwona tangu asubuhi ile alipokwenda kambini kwake jeshini, mwaka ule serikali ilipobadilika, na kila nikiuliza unaniambia habari za kuku. Nimwambie nini?

Mjukuu wako,
Santina


Naguru
20 Machi 1974

Santina,

Salamu. Kuku wazima, na safari hii sikuambii habari zao kwa kukwepa, mmoja ameangua.

Usiandike mambo ya baba yako kwenye karatasi. Barua zetu zinasomwa na watu wengi kuliko gazeti. Nyinyi mnaofungua bahasha, nawasalimu, na gundi yenu ni mbaya. Kaltumi hakutaka kuliandika hilo. Nimemwambia wana mama zao, watavumilia.

Ajwang mwambie atapokewa. Basi.

Kuchagua nimechagua. Upanga sitaki, nyumba ya askari ina silaha za kutosha. La fedha sitaki pia. Unga wa nini? Kwangu jani lenye unga ni jani lenye ugonjwa. Na miiba! Mgeni akae, achomwe, aseme amechomwa na nyumba ya Joska? Nataka nyota nyekundu, mbili, moja kila upande wa mlango, zing'ae hadi mtu apepese macho.

Na sitaki maelezo marefu. Nimelea watoto, mbuzi na askari, siwezi kushindwa na nanasi.

Bibi yako


Nairobi
8 Aprili 1974

Bibi mpendwa,

Heri ya Pasaka kwenu, na kwa Mama Kaltumi salamu za heri pia ingawa si yake. Shati la Nashon limeshonwa.

Cleopas anakuletea kasha. Ndani mna nyota nyekundu mbili kama ulivyoagiza. Na lile la fedha nimelitia pia, usinune. Lipe kona, usilitazame ukipenda.

Maelezo mafupi: weka mahali penye mwanga, jua kali lisiyapige. Maji mimina kwenye kikombe cha katikati, udongo uwe na unyevu kidogo tu. Basi.

Wazee wa kina Nashon hawatakuja sasa. Wawili hawajapata hati za kuvukia mpaka. Wanasema Juni. Bibi, usikasirike. Maua yatasubiri, ndiyo kazi yao.

Santina


Naguru
5 Mei 1974

Mjukuu wangu,

Hapa tunaendelea. Oloya alipata kilo mbili za sukari, hakusema wapi, nami sikuuliza. Nimeificha Kaltumi asijue. Haya, sasa anajua.

Maua yamefika. Santina! Nilifungua kasha nikapiga vigelegele, wanawake wa laini nzima wakaja wakidhani kuna aliyejifungua. Kila mmoja amebana kwa vidole. Mke wa koplo alisema ni plastiki, nikamwambia uso wake ndio plastiki, tumepatana tayari. Ukuta sasa hauonekani, macho yote yanakwenda kwenye nyekundu. Lile la miiba nimeliweka nyuma ya pipa.

Ila wiki iliyopita kulikuwa na ukaguzi wa laini. Unajua ukaguzi: anakuja afisa wa afya na fimbo, tunasimama milangoni kama wafungwa, anatazama vyoo, vitanda, mitungi. Akachungulia kikombe cha nyota, akaruka, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Jaja, unafuga mbu!"

Nikatazama. Kweli, viluwiluwi vinacheza ngoma mle ndani.

"Huo si mtungi, afande," nikasema, "ni ua. Na ndivyo linavyokunywa."

"Maji yaliyotuama ni maji yaliyotuama. Tupa."

"Tupa wewe. Hilo ni ua la posa ya mjukuu wangu. Ukilitupa, utakwenda kumwoa wewe badala ya Nashon, na una tumbo."

Laini nzima ikacheka, hata Sajini aliyekuwa na daftari lake. Yule afisa akajikaza, akashindwa, akacheka naye. Akasema basi niwe nalipindua kopo kila baada ya siku chache, nimwage, nijaze maji mapya. Juzi amepita tena, akaanzia kwangu, akachungulia, akaulizia harusi.

Na mimi naulizia. Juni ni Juni. Nyekundu yangu haijapungua hata chembe.

Bibi yako


Nairobi
2 Juni 1974

Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima wa mwili.

Hawaji Juni. Cleopas anasema treni zinasimama Tororo na kupekuliwa hadi chini ya viti, na wazee wameogopa. Lakini si hilo tu. Mama Ajwang amesema mbele ya watu kwamba hawezi kupeleka ng'ombe kwenye nyumba isiyojulikana baba yake yuko wapi. Nilimwambia kuna Baba Oloya. Akasema, "Mdogo akipokea ng'ombe za kaka yake, ni kusema kaka amekufa. Amekufa?" Nilimuaga nikaondoka, Bibi.

Nashon anataka tuoane hapa hapa kwa Mkuu wa Wilaya. Mashahidi wawili, sahihi, tumemaliza. Anasema tutakuja kukusalimu baadaye, mambo yakitulia. Amepata nafasi mwisho wa Agosti. Sijakubali, wala sijakataa.

Niambie la kufanya. Usiniambie habari za kuku.

Santina


Naguru
30 Juni 1974

Santina,

Kuku wazima.

Kwa Mkuu wa Wilaya hapana. Yeye alikubeba mgongoni? Yeye alikutafunia nyama mama yako alipofariki? Hapana. Mwambie Nashon nampenda, na hapana.

La Oloya ni kweli, hawezi kupokea. Nilimuuliza. Alisimama, akavaa kofia, akaenda kazini, na ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hawezi kutamka kwamba kaka yake hayupo, na mimi siwezi kumlazimisha.

Niache nifikirie. Nipe muda, usitie sahihi popote.

Sasa nina swali dogo, la mtu mwingine. Kuna jirani yangu mmoja ana bromelia kama zangu. Alitaka zing'ae kwa ajili ya wageni, akazipaka mafuta. Vizuri kabisa, jani kwa jani, juu na chini. Sasa katikati kumekuwa kweusi, jani ukilivuta linatoka lenyewe. Huyo jirani afanye nini? Ni mwanamke mwenye akili, usimdharau.

Bibi yako

(Mimi Kaltumi: jirani huyo si mimi.)


Nairobi
14 Julai 1974

Bibi yangu,

Nimesoma barua yako kazini nikacheka mpaka tajiri akaja kuniangalia. Mpe pole jirani.

Mwambie hivi. Bromelia hainywi kwa mizizi kama mahindi. Inakunywa na kupumua kwa majani. Ukiyapaka mafuta umeiziba pua na mdomo. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, polepole, lakini kama katikati kumeoza, imekwenda. Sikumwonya, kwa sababu hapa hakuna mtu ambaye angewaza kupaka ua mafuta. Nilisahau kwamba kwetu mgeni hapokelewi na kitu kikavu: kibuyu hupakwa, mlango hupakwa, bibi harusi hupakwa.

Kisha nikaacha kucheka. Bibi, ni mafuta gani? Yale ya yaa, mbegu za ule mti wa kwetu Kitgum, ya kwenye kibuyu kirefu? Ulinikataza kuyagusa hata ngozi yangu ilipopasuka kwa vumbi. Ulisema yana mwenyewe, ya kumpaka Baba siku atakayorudi.

Kama umeyatumia, basi umepata habari. Niambie. Nitavumilia.

Santina


Naguru
18 Agosti 1974

Santina, moyo wangu,

Habari sina. Naanza na hilo ili ukae chini usome mengine kwa utulivu. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyesema lolote.

Jirani ni mimi, ulishajua. Na mafuta ni yale ya kibuyu. Kila nilipofungua kuyanusa yalizidi kuchacha. Mafuta hayana subira kama mama. Nikayatazama, nikawatazama wageni wanaokuja. Nikasema mwenye safari hajafika na hawa wanafika, basi mafuta yawafae waliopo kabla hayajawa sumu. Nikazipaka nyota zako huku nikiimba. Usidhani nimemzika. Sijamzika, na atakayemzika mbele yangu atajuta. Nimeacha tu kumwekea kila kitu na wewe unakaa mikono mitupu.

Nyota zote mbili zimekufa. Nililia kidogo, hasa kwa hasira. Lile la fedha nililifuata pia nyuma ya pipa, likanichoma vidole kabla sijaligusa vizuri, nikaliacha na unga wake. Liko hai. Kichwa waridi kama siku ya kwanza, na pembeni limezaa mtoto. Ulinichagulia vizuri, mimi ndiye niliyechagua kwa macho.

Sasa sikia. Jumanne asubuhi nilikuwa uani, nimejifunga shuka kifuani, kichwa wazi, nalimwagia hilo ua maji mapya. Mwanamke mmoja mrefu, mweusi vizuri, viatu mkononi, akasimama.

"Joska yuko?"

"Unamtakia nini?"

"Nataka kumwona kabla hajajipamba."

"Umefanikiwa," nikasema.

Ni Ajwang! Alipanda treni ya Cleopas peke yake, hakumwambia hata Nashon. Alikuja kupeleleza, Santina, na hakuficha. Nikampa kigoda. Akalitazama lile ua, akalibana.

"Plastiki."

"Bana tena."

Akabana tena, mwiba ukamwingia, akanyonya kidole. "Lina muda gani hivi?"

"Tangu ulipodanganya mara ya kwanza kwamba unakuja."

Akanitazama. Nikamtazama. Kisha yule mwanamke akacheka kicheko cha tumboni, na mimi kikanishika, mpaka Kaltumi akatoka kwake na mwiko mkononi.

Tuliingia ndani. Nilimpikia chai kwa ile sukari ya kufichwa. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza, na nilimjibu. Nilimwambia yote, tangu asubuhi ile hadi kibuyu. Yeye anasema Kijaluo, mimi Kiacholi, tunasikilizana kama watu wa kisima kimoja. Kaltumi alikuwa pale pale hakushika hata neno, na bado amenuna. Hapa sitayarudia. Wanaofungua bahasha wajifunze Kiacholi.

Ajwang akazungusha kikombe. Halafu akasema, "Oloya hawezi kupokea."

"Hawezi."

"Na huyo mwingine hayuko wa kupokea, wala hajafa."

"Ndivyo."

"Aliyemzaa ni nani?"

"Ni mimi. Kwa uchungu, alikuwa na kichwa kikubwa."

"Basi aliyemzaa baba ni mkubwa kuliko baba. Pokea wewe."

Nikamwambia wazee wake hawatakubali ng'ombe zipokewe na mwanamke. Akasema watakohoa. "Waache wakohoe, nitawapa maji." Yeye ni mjane, alimwozesha binti yake mwenyewe huko kwao, na waliokohoa siku ile walikula nyama kuliko wote.

Kwa hiyo ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Watakuja wachache, wasikusanyike kama mkutano. Sajini amesema atakuwa mlangoni yeye mwenyewe, na yule afisa wa afya amejialika. Oloya nilimweleza. Safari hii hakuvaa kofia. Aliuliza ng'ombe watalala wapi.

Mwambie Nashon afute siku yake kwa Mkuu wa Wilaya. Nawe panda treni mapema, uje tukusuke. Ukipata nyumba yako usitafute la kung'aa, chukua la fedha. Mtoto wa hili langu bado mdogo, hajatenganishwa, na Ajwang ameshamwomba, kwa hiyo usinitegemee, nunua lako.

Jana nilimwambia Oloya atoe kile kiti cha baba yako stoo, kilichofunikwa gunia tangu mwaka ule. Akakipangusa, akakiweka katikati ya nyumba, akasimama kando. Nikakikalia. Miguu yangu haifiki chini, Santina, alikuwa mrefu mtoto yule. Oloya ameleta tofali la kukanyagia.

Joska